Usizibe Pua, Aminieli

Usizibe pua, Aminieli.
Najua umetoka mbali na viatu vya Krismasi,
ulitaka nikuonyeshe ng'ombe.
Ng'ombe yupo. Atangoja.
Kwanza shika ukingo wa beseni hili, inama, sikiliza:
kama manyunyu juu ya majani makavu ya mgomba.
Ndio wao. Ni elfu ngapi sijui,
mimi nawapima kwa debe.

Jumanne na Ijumaa nateremka Mbuyuni na guta la kukodi.
Akina mama wananiwekea nyanya zilizopasuka,
maembe yaliyolala, kabichi zenye kamasi.
"Mzee Funza huyoo!" wanacheka, nami nacheka nao,
maana jina la kwanza lilikuwa baya zaidi.

Unalikumbuka: Mzee Bomba.
Miaka ishirini na miwili, lita kumi na tano mgongoni,
kahawa ya Uru, ya Tella, ya hapa Kidia,
aliyeniita nilikwenda.
Asubuhi nilipuliza. Jioni nilipita chini ya mibuni
nikikanyaga waliolala chali:
yule mwekundu wa madoa meusi, mla vidukari,
nyigu, buibui, nyuki.
Sikuuliza nani adui na nani kibarua mwenzangu.
Dawa haiulizi.

Kisha ukaja mwaka ule, maua ya kahawa yakafunguka
meupe kihamba kizima,
na hapakuwa na mvumo.
Umewahi kuingia kanisani ukakuta watu wamejaa,
wamesimama, vitabu mkononi,
na hakuna anayeimba?
Mama alisimama kwenye mfongo na ndoo yake,
akasema neno moja la Kichaga.
Wewe hukuwepo. Sitakuambia.

Sasa tazama humu, ndani ya chandarua.
Huyu mweusi wa kiuno chembamba ni inzi chuma,
funza aliyekua.
Akishaota mabawa hali tena.
Hataifuata pilau yako, hana haja na pilau yako.
Alikula utotoni, alikula uozo wa soko zima,
akashiba ya maisha.
Siku chache zilizobaki ni za kupendana na kutaga
katika nyufa za hili boksi,
kisha anadondoka, mwepesi kama ganda la ulezi.
Katika ukoo wetu, nani amewahi kusema nimeshiba?
Mimi na wewe tunagombea migomba minne
mwaka wa tisa huu.

Funza wanaliwa na kuku wa Ndeshi,
kavunje yai uone kiini.
Makapi yao namwaga mashinani, udongo umekuwa laini
hata kidole kinazama.
Na bomba lile linaning'inia bandani.
Buibui amefunga uzi kutoka mpini hadi kwenye ukanda.
Nimemwachia.

Mwezi wa kumi wakarudi wale nyuki wadogo wasiouma,
kwenye ukuta wa jiko la Mama, tundu lile lile.
Wametoa kimlango cha nta,
chembamba kama bua la ulezi, kinatetemeka ukikipumulia.
Nilikaa chini, mzee mzima, nikajikuta nimevua kofia.
Halafu nikaenda mpakani, nikakata jani la sale,
nikalipiga fundo kama tulivyoona likipigwa
watu walipokwenda kuomba radhi,
nikalichomeka chini ya kimlango.

Hakuna aliyenijibu.
Walilizunguka, miguu imejaa chavua, wakaingia kazini.
Sijui kama ule ni msamaha.
Inawezekana ni shughuli tu.

Leo alfajiri, kabla basi lako halijafika Moshi mjini,
nilirudi mpakani, kwenye ile migomba minne,
nikakata jani jingine.
Liko mfukoni, hapa.

Haya, nawa mikono.
Twende ukamwone ng'ombe.